SOMO LA KIKUNDI: MAUA NA MBOGA KATIKA BUSTANI MOJA KWA MAJI MACHACHE



Somo hili limekusudiwa kusomwa kwa sauti katika kikundi, kisha lijadiliwe. Linawahusu wenzetu wa Bagamoyo na vijiji vya pwani vilivyo kaskazini ya Dar es Salaam, ambako udongo ni wa mchanga, bahari iko karibu, na wengi hutegemea visima. Shabaha yake ni kuonyesha kwamba ukubwa wa bustani ya pwani hupimwa kwa maji ya kisima katika mwezi wa Februari, wala haupimwi kwa ukubwa wa kiwanja.

1. Kwa nini Februari?

Pwani yetu hupata mvua mara mbili kwa mwaka: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Baina ya vuli na masika huvuma upepo wa kaskazi na jua huwa kali. Wakati huo mimea hudai maji mengi, ilhali kisima kimepungukiwa. Aliyelima matuta mengi wakati wa vuli kwa kuwa maji yalikuwa tele, hujikuta Februari akichota usiku na mchana.

Hapo ndipo penye hatari. Chini ya ardhi ya pwani maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kanuni ya wataalamu, usawa wa maji matamu ukishuka mita 1, mpaka wa maji ya chumvi chini yake huweza kupanda kiasi cha mita 40. Kisima kikishaingiwa na chumvi, hasara si ya mwenye bustani peke yake. Ni ya kila jirani anayekunywa hapo, na maji huweza kuchukua miaka kurudi yalivyokuwa.

2. Kupima kisima

Katibu atafute kamba yenye jiwe na aifunge fundo kila nusu mita. Kila juma, alfajiri kabla ya mtu yeyote kuchota, apime usawa wa maji, ayaonje, na aandike katika daftari la chama. Maji yasiporudi asubuhi pale yalipokuwa juma lililotangulia, au ladha ikibadilika, uchotaji umezidi. Chama kipunguze matuta mara moja, bila kungoja mkutano mkuu.

3. Hesabu ya maji

Tuchukue mfano. Kisima cha kikundi hutoa madebe 60 kwa siku mwezi wa Februari bila kushuka. Debe moja ni lita 20. Madebe 20 ni ya kunywa na kupikia, nayo hutangulia kila kitu. Yanabaki 40.

Tukadirie kwamba mita moja ya mraba ya mboga hutaka lita 5 kwa siku. Tukitenga madebe 36 kwa mboga, tunapata lita 720, yaani mita za mraba 144. Hayo ni matuta 14 ya upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Madebe 4 yaliyobaki ni ya maua. Tukikadiria debe moja kwa miche sita kila siku, tutatunza miche 24. Zaidi ya hapo tunakopa kwa bahari, na bahari hudai kwa riba.

4. Faida ya kuchanganya

Mboga hulisha nyumba. Maua huleta fedha taslimu. Bibi zetu walilijua hili tangu zamani: asumini, mrehani na kilua vilikuwa uani karibu na mahali pa kuogea, vikinyweshwa maji yaliyokwisha kutumika. Mkilua ni mti wa asili wa misitu ya pwani ya Tanzania na Kenya, na mwaka 1970 wataalamu wa mimea walilichukua jina hilo la Kiswahili likawa jina lake la kisayansi.

Maua huisaidia mboga pia. Nyuki wanaofuata maua huchavusha maboga na matikiti. Ua liitwalo tageti, likipandwa kwa kusongamana katika tuta zima kwa muda wa miezi miwili au mitatu, hupunguza minyoo isiyoonekana kwa macho ambayo huvimbisha mizizi ya bamia na nyanya, hasa katika mchanga. Miche michache ya pambo haitoshi kwa kazi hiyo.

5. Namna ya kupanda

(a) Lima matuta ya kuzama, yaani yaliyo chini ya usawa wa ardhi, ili maji yasitiririke nje.

(b) Chini ya tuta fukia makumbi ya nazi yaliyolowekwa, kisha samadi iliyooza. Makumbi hushika maji ambayo mchanga ungeyaachia.

(c) Tandaza nyasi kavu juu ya udongo. Matandazo huzuia jua lisinyonye unyevu.

(d) Panda asumini upande unakovuma upepo, mkilua penye kivuli, na mrehani kingoni mwa matuta. Ndani weka mchicha, bamia na kunde. Maharage yaepukwe penye maji ya chumvichumvi, kwani hayaivumilii chumvi.

(e) Nywesha asubuhi na jioni, shinani, si juu ya majani.

(f) Usinyunyize dawa ya sumu. Asumini huvaliwa mwilini na mchicha huliwa.

6. Soko la maua

Asumini huchumwa jioni ingali vikonyo, nayo hufunguka usiku. Kwa hiyo mnunuzi apatikane kabla ya kuchuma. Harusi na Maulidi ndizo nyakati za bei nzuri za vikuba na makoja. Lakini Mfunguo Sita hufuata mwezi mwandamo, nao hutangulia kwa siku zipatazo 11 kila mwaka. Ipo miaka ambayo utaangukia masika, na ipo ambayo utaangukia kiangazi. Katibu aangalie kalenda zote mbili kabla ya kuwaahidi wanunuzi.

Maswali ya kujadili

1. Kisima chetu hutoa madebe mangapi Februari? Nani ameyahesabu?
2. Matuta yakizidi maji, yapunguzwe ya nani kwanza, na kwa utaratibu gani?
3. Mwanachama mwenye pampu yake ana haki ya kuchota kuliko mwenye ndoo?

Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Swali la tatu msiliruke. Ni vyema likajibiwa wakati wa masika, maji yakiwa tele na nyoyo zikiwa zimetulia.