Huyo Guthrie Ulimsoma Lini?

Pál Schmitt alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mchezo wa vitara kabla hajawa Rais wa Hungaria. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1992 ilihusu michezo hiyo hiyo ya Olimpiki, na ilikaa kabatini karibu miaka 20 bila mtu kuihoji. Januari 2012, waandishi wa habari wa Budapest waliiweka kando ya kazi ya Nikolay Georgiev, mtafiti wa Bulgaria aliyeandika kwa Kifaransa. Kamati ya chuo ikachunguza, ikakuta kurasa 180 kati ya 215 zinafanana, nyingine kidogo, nyingine sana, na za Georgiev. Mwezi Machi Schmitt akavuliwa udaktari. Tarehe 2 Aprili akajiuzulu urais.

Mimi husimamia na kusahihisha tasnifu za Kiswahili, na katika kisa hiki urais haunishughulishi sana. Kinachonishughulisha ni lugha. Kifaransa kiligeuzwa Kihungaria, na kwa miaka yote hiyo tafsiri ikawa stara.

Idara za Kiswahili zinaujua mchezo huu vizuri. Mwanafunzi anatwaa makala ya Kiingereza, anaipitisha kwenye programu ya kutafsiri, ananyoosha ngeli zilizopinda, anakabidhi. Kipimo cha ufanano kinatoa asilimia ndogo, naye anapumua. Lakini msomaji mzoefu hahitaji kipimo: Kiswahili cha aya tatu kinatembea kwa mwendo wa Kiingereza, kisha ghafla katika insha kuhusu Sheng unachomoza mfano wa vijana wa Chicago ambao hakuna aliyewaalika. Wazo likihamishwa lugha halihami mwenyewe. Georgiev anatajwa, mwaka wake unatajwa, ukurasa unatajwa, na kama maneno yamenukuliwa baada ya kutafsiriwa na mwanafunzi, mabano yanasema wazi: tafsiri yangu. Maneno mawili tu, na aliyeyaandika amejisitiri kuliko Schmitt.

Wanafunzi wengi ninaowarudishia kazi hawakukusudia kuiba. Kosa lao lilizaliwa wiki nyingi kabla ya kuandika, kwenye daftari. Walinakili sentensi nzuri kutoka kitabuni bila alama za kunukuu, bila ukurasa. Mwezi mmodi baadaye wakaikuta sentensi kwa mwandiko wao wenyewe, wakaamini ni yao.

Mambo yakifika mbele ya kamati, utetezi huo haubebi uzito. Karl-Theodor zu Guttenberg, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani, alikiri makosa makubwa katika tasnifu yake ya sheria lakini akasisitiza kwamba hakudanganya kwa makusudi. Vifaa vyake, alisema, vilikuwa vimetapakaa kwenye diski na kompyuta kadhaa kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Bayreuth kilikuwa kimeshamvua udaktari Februari 2011, naye akaacha uwaziri tarehe 1 Machi. Mei mwaka huo, tume ya chuo ikahitimisha kwamba alikusudia. Pengine kweli alichanganya diski zake. Nani angejua?

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni daftari, na taratibu zake ni chache. Kabla ya kuandika neno lolote kutoka chanzo, andika juu ya ukurasa jina la mwandishi, mwaka, jina la kitabu, mchapishaji na mji. Maneno ya mwandishi yakiingia yalivyo, yafungiwe alama za kunukuu hapo hapo, hata kama daftari hilo hataliona mtu mwingine, na namba ya ukurasa ikae pembeni. Wazo lako mwenyewe, lile linalokujia ukiwa unasoma, lipe alama yake. Wengine hutumia kalamu ya rangi nyingine, mimi huweka herufi M iliyozungushiwa duara. Anayepiga picha za kurasa kwa simu, kama wafanyavyo wengi maktaba inapokataza kuazima, aanze na ukurasa wenye jina la kitabu, kisha nyuma yake panapoandikwa mchapishaji na mwaka, ndipo aende kwenye sura anayoitaka.

Hapo ndipo madesa, yale maandishi ya masomo wanayorithishana wanafunzi, yanapoleta balaa. Desa limetolewa kopi ya kopi ya kopi steshenari, jalada lilipotea miaka mingi iliyopita, aliyeliandika hajulikani, na ndani yake kuna vipande vya vitabu vinne vilivyoungwa bila mshono kuonekana. Mwanafunzi akilinukuu anamnukuu nani? Desa ni zuri la kujiandaa na mtihani. Kwa insha, lichukulie kama dokezo la kukupeleka kwenye kitabu chenyewe.

Hatua inayowachanganya wengi zaidi ni kusema wazo la mtu kwa maneno yako. Nimetunga sentensi moja kwa ajili ya somo hili. Tuseme imetoka kitabuni: “Kuanzishwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930 kuliharakisha usanifishaji wa Kiswahili, lakini kulipunguza nafasi ya lahaja kama Kimvita katika vitabu vya shule.” Mwanafunzi anaandika: “Kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930 kuliongeza kasi ya usanifishaji wa Kiswahili, ila kulififisha hadhi ya lahaja kama Kimvita kwenye vitabu vya shuleni.” Amebadilisha maneno saba na kuacha mifupa yote ilivyokuwa. Huo bado ni wizi, hata akiweka jina la mwandishi mwishoni, kwa sababu anadai muundo wa sentensi ni wake.

Anayefunga kitabu kwanza huandika kitu tofauti kabisa. Anaweza kusema kwamba kwa mwandishi huyo, usanifishaji baada ya 1930 ulikuwa na waliopoteza: kadiri kamati ilivyokwenda mbio, ndivyo Kimvita na lahaja nyingine zilivyozidi kukosa mahali shuleni. Kisha mabano yenye mwaka na ukurasa. Siri yote imo katika kule kufunga kitabu. Ukishindwa kueleza bila kuchungulia, hujaelewa bado. Rudi usome, au nukuu moja kwa moja bila aibu.

Si kila kitu kinahitaji mabano. Kwamba Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, au kwamba Utengano ni riwaya ya Said Ahmed Mohamed, hayo hayana mwenyewe. Lakini anayesema riwaya hiyo inamtetea mwanamke wa Kiswahili, au inamlaumu, ametoa hukumu, na hukumu hiyo kama ameitoa kwa mhakiki fulani, mhakiki atajwe.

Sasa Guthrie. Karibu kila insha kuhusu asili ya Kiswahili inamleta Malcolm Guthrie, Mwingereza aliyezipanga lugha za Kibantu kwa kanda na kukipa Kiswahili namba G42. Kazi yake kubwa, Comparative Bantu, ina juzuu nne zilizotoka kati ya 1967 na 1971. Ni vitabu vizito, vya kitaalamu sana, na kuvipata si rahisi. Hata hivyo wanafunzi wa mwaka wa kwanza humnukuu kana kwamba wamelala naye chumba kimoja, na jina lake linazidi kuharibika kila mwaka: Guthrei, Gutrie, Guthire. Kosa la tahajia ndilo linalowafichua. Hawakumsoma, wamemsoma aliyemsoma, au aliyemsoma aliyemsoma.

Ibn Battuta yamemkuta makubwa zaidi. Nimeona akiandikwa “Battuta (1331)”, kana kwamba mwaka huo alichapisha kitabu. Mwaka 1331 ndio alipopita Mombasa na Kilwa. Simulizi ya safari zake ilikuja kuandikwa baadaye sana, aliposimulia Morocco na Ibn Juzayy akanakili, ikakamilika 1355. Na mwanafunzi wa leo kwa kawaida ameipata katika tafsiri ya Kiingereza, mara nyingi kupitia mkusanyo wa nyaraka za pwani ambao G. S. P. Freeman-Grenville aliuchapisha mwaka 1962. Basi aseme hivyo. Utaratibu upo na ni mfupi: Ibn Battuta, kama alivyonukuliwa katika Freeman-Grenville (1962), pamoja na ukurasa. Katika orodha ya marejeleo anaingia Freeman-Grenville peke yake, kwa kuwa ndiye uliyemshika mkononi.

Waliopita madrasa wanalielewa jambo hili kabla sijamaliza kulieleza. Hadithi haisimami bila sanad: fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani. Anayeruka kiungo kimoja ili aonekane kasikia kwa mkubwa zaidi amejiharibia, kwani wataalamu wa hadithi wana sura nzima juu ya watu wa aina hiyo.

Kuhusu mitindo ya marejeleo nitapita haraka, maana kila idara ina mwongozo wake na mwongozo huo ndio wa kufuata. Mwongozo wa APA uko katika toleo la 7 tangu 2019. Mtindo wa jina na mwaka katika mabano, unaoitwa wa Harvard, huhusishwa na makala ya mwaka 1881 ya mwanazuolojia Edward Laurens Mark. Katika Kiswahili tunaandika “uk.” kwa ukurasa na “na wenzake” waandishi wakiwa wengi. Programu ya Zotero, iliyotolewa mwaka 2006 na watu wa Chuo Kikuu cha George Mason, ni ya bure na hupanga orodha yenyewe, lakini mtu lazima aikague: ukiingiza jina la kwanza mahali pa jina la ukoo, itakuandikia “Kyallo, W.” badala ya “Wamitila, K. W.” bila kukuuliza.

Kipimo cha ufanano nacho kimezushiwa mengi. Turnitin, iliyoanza Marekani mwaka 1998, haisemi nani mwizi. Inasema maneno haya yanafanana na yale. Asilimia 25 inaweza kuwa orodha ya marejeleo, tamko la mwanafunzi na nukuu halali. Asilimia 6 inaweza kuwa aya moja nzima iliyochukuliwa kama ilivyo. Wapo wanaolipa watu wa “kushusha asilimia”, nao hawa wanabadilisha maneno kwa visawe mpaka “nadharia ya umaarksi” inakuwa “dhana ya umaarksi” ukurasa huu na “fikra ya umaarksi” ukurasa ule. Kazi inarudi kwangu ikiwa na asilimia nzuri na haisomeki.

Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa Novemba 2022, kosa jipya limeongezeka: marejeleo ya vitabu visivyokuwepo. Mashine inachukua jina la mtaalamu wa kweli, inambambikia kichwa kinachoelekea kuwa chake, inaweka mwaka na mchapishaji. Mawakili wawili wa New York walitaja mahakamani kesi za kubuni za namna hiyo, na Juni 2023 jaji akawatoza wao na kampuni yao dola 5,000. Kwa Kiswahili hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu vitabu vyetu vingi havipo mtandaoni na msimamizi hawezi kukanusha kwa kubofya. Dawa ni ile ile ya Guthrie. Usichokishika, au usichokifungua ukakisoma, hakiingii.

Limebaki la wazee, ambalo miongozo ya Marekani hailijui vizuri. Mwanafunzi anakwenda Pemba au Lamu, bibi mmoja anamweleza maana ya fumbo katika utungo wa harusi, naye anarudi na kuandika maelezo hayo kama uchambuzi wake. Bibi hana kitabu, kwa hiyo anaonekana hana haki ya mabano. Anayo. APA huweka mazungumzo ya aina hiyo ndani ya matini tu, jina na tarehe, bila kuyaingiza katika orodha, kwa hoja kwamba msomaji hawezi kuyapata tena; watoa taarifa wa utafiti rasmi huelezwa katika sura ya mbinu na hufichwa majina wakitaka. Mimi huwashauri wanafunzi wangu wamuulize mwenyewe kabla ya kuzima kinasa sauti: nikuandike jina lako, au nisikuandike? Watunzi wa tenzi wengi walizoea kujitaja mwishoni na kuweka tarehe. Bibi naye huenda akataka aandikwe majina yake matatu kamili, na la mtaa wake.