Binti akiisha kuona mwezi wa kwanza, atarefuka tena?

Mama, siku binti yako anaona damu ya mwezi mara ya kwanza, watu wa nyumba wanasema: «Sasa amekomaa.» Wengine wanasema hataongeza urefu tena. Wengine wanaanza kuhesabu mali ya ndoa. Tujifunze ukweli.

Mwili unafuata utaratibu wake. Kwanza maziwa yanaota. Halafu binti anarefuka mbio; nguo ya masomo inakuwa fupi mbele mwaka haujaisha. Nyuma ya hapo ndipo mwezi unakuja. Kwa hiyo, wakati ule sehemu kubwa ya urefu imekwisha kupatikana, lakini si yote. Mabinti wengi wanaongeza tena sentimeta 5 mpaka 7, pole pole, kwa muda wa miaka 2 hivi. Aliyeanza mapema anaweza kuongeza zaidi. Kiisha, sehemu laini za ncha za mifupa mirefu zinakuwa ngumu, na urefu unasimama. Hakuna dawa ya soko itakayomrefusha tena.

Sasa sikia vizuri. Mifupa ya nyonga, ndiyo mlango wa mtoto, inachelewa nyuma ya urefu. Binti anaweza kulingana na mama yake kwa kimo, na mlango ule ungali mwembamba. Akichukua mimba wakati huo, mtoto anaweza kukwama. Mtoto anaweza kufa, binti naye anaweza kufa, ao anabaki na fistula, mkojo unavuja usiku na mchana.

Mama, fanya hivi:

1. Bugali peke yake haitoshi. Ongeza maharagi, sombe, ndakala, karanga, na yai ukipata. Asingoje mabaki ya wengine.
2. Kila mwezi anapoteza damu. Ukiona viganja na ndani ya kope vimekuwa vyeupe, naye anachoka upesi, umlete apimwe damu.
3. Umpime ukutani kila miezi 6, bila viatu, utie alama kwa mkaa.
4. Akifikia miaka 15 bila kuona mwezi, umlete kwa munganga.
5. Usimwoze. Sheria ya Kongo ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto inakataza ndoa mbele ya miaka 18. Acha asome.

Maulizo ya kujibu pamoja:

– Kwa nini urefu wa binti hauonyeshi kwamba anaweza kuzaa salama?
– Nani nyumbani kwako anapaswa kusikia somo hili? Utamwambia lini?