Usiipanguse hiyo chupa

Kijana wangu wa pili ana miaka saba, na pumu ilimwanza kabla hajaingia chekechea. Naandika haya kwa sababu juzi mwalimu wake alinipigia simu kunieleza kwamba alishikwa na kifua akicheza mpira, akaenda mwenyewe kwenye mkoba wake, akatoa chupa, akavuta dawa, akakaa chini ya mwarobaini hadi kifua kikatulia, kisha akarudi darasani na wenzake. Nilikuwa sokoni. Machozi yalinitoka mbele ya watu na sikuona haya.

Novemba 2023, mvua za El Niño ziliufurisha mto Tana mpaka maji yakaingia mashambani na majumbani. Barabara ya Lamu ilikatika kule Lango la Simba. Sisi tulihama kijijini tukaenda kujibanza kwa shemeji yangu, palipoinuka. Kuni zote zilikuwa zimelowa, na mathenge mbichi ukiuwasha unatoa moshi wa kukatisha pumzi hata ya mtu mzima. Mbu nao wa Tana wanajulikana. Ili tulale, tulifukiza samadi mlangoni tangu magharibi.

Saa nane usiku nikasikia ule mluzi wa kifua cha kijana wangu. Alikuwa ameketi, ameinama mbele, mikono magotini, na pale chini ya koo pakizama kila alipovuta pumzi. Inhela ya bluu tulikuwa nayo. Nikamwambia apanue mdomo, nikambonyezea mara mbili, mara nne, mara sita. Dawa niliiona kwa macho yangu ikimtoka mdomoni kama mvuke wa chai. Akanitazama akasema, "Mama, haiingii."

Neno hilo ndilo lililonitesa mpaka alfajiri. Dawa ninayo mkononi, na haiingii.

Kulipopambazuka tulivushwa kwa mtumbwi, kisha bodaboda, kwenda kutafuta matibabu. Nilitarajia sindano, au ile mashine ya mvuke. Sista wa zamu alichukua chupa ya plastiki iliyotobolewa kitako, akachomeka inhela yangu mwenyewe kwenye tundu, akamwambia kijana aushike mdomo wa chupa kwa midomo yake kama anakunywa soda. Akabonyeza mara moja. Akamhesabia pumzi: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Akaitikisa inhela, akabonyeza tena. Baada ya dakika ishirini akarudia. Kabla saa haijaisha, mtoto alikuwa ameomba uji.

"Mama fulani," akaniambia, akinitaja kwa jina la kifungua mimba wangu, "dawa yako ni nzuri. Ilikuwa haijafika tu."

Basi hapo ndipo nilipoelewa miaka miwili niliyopoteza. Inhela hurusha dawa kwa kasi kubwa, na mtoto hawezi kuotea kuvuta pumzi sawasawa na kubonyeza kwako. Dawa inagonga ulimi na koo, inabaki hukohuko. Chupa inaishika kwanza, inatulia, naye anaivuta polepole kwa pumzi zake za kawaida.

Kuna duka moja la dawa, mji sitautaja, ambalo kwa miaka hiyo miwili liliniuzia sirapu chupa baada ya chupa. Muuzaji alinihakikishia kwamba inhela ni ya wagonjwa mahututi, kwamba mtoto akiianza hataiacha tena maishani. Nilimwamini, kwani amevaa koti jeupe. Sirapu ya salbutamol hupita tumboni kwanza, inachelewa, na ilimfanya mwanangu atetemeke mikono hadi kikombe kinamwagika. Dawa ileile ikivutwa inakwenda moja kwa moja kwenye mapafu, kwa kiasi kidogo zaidi. Hakuna kuzoea wala kulewa. Neno hilo la "atazoea" limewafungia watoto wengi dawa nyumbani kwetu, na silisamehe.

Halafu mambo ya majina. Ventolin, Asthalin, yote ni salbutamol, mikrogramu 100 kila ukibonyeza. Nunua unayoimudu, ila tazama tarehe, na usinunue iliyoanikwa juani kwenye kioo cha dirisha. Kopo la kawaida lina mibonyezo 200. Yasiyo na namba za kuhesabia hayakuambii yameisha. Yanaendelea kutoa upepo na wewe unadhani ni dawa. Mimi huweka alama kwenye kalenda ya ukutani.

Chupa ya dukani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo niliiulizia. Bei yake ilipita inhela yenyewe mara tatu. Basi nikatengeneza ya kwangu, na hivi ndivyo ilivyo. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ngumu kidogo. Kata kipande cha waya wa seng'enge usio na miiba, ukizungushe kwenye mdomo wa inhela mpaka kipate umbo lake hasa, lile la yai. Kipashe kwenye makaa, nje, mtoto akiwa mbali kwa ajili ya ule moshi wa plastiki. Kibandike katikati ya kitako cha chupa. Plastiki ikiwa bado laini, sukuma mdomo wa inhela uingie, ushikilie hapo mpaka ipoe. Kisha zungushia gundi ukingo wa tundu, ukauke siku nzima na usiku wake hadi harufu iishe. Gundi usiiruke. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Heather Zar na wenzake kule Cape Town walizipima chupa hizi kwa watoto wa miaka 5 hadi 13 walioshikwa na pumu, wakachapisha matokeo 1999 katika jarida la The Lancet: chupa ya nusu lita iliyozibwa kwa gundi ilifanya kazi sawa na kifaa cha kiwandani. Kikombe cha plastiki nyepesi ndicho kilichobaki nyuma. Kwa hiyo yule sista hakuwa akibahatisha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana hapa ndipo nilipoangukia.

Chupa yangu ya kwanza niliipenda. Niliiosha, nikaisuuza mara tatu, nikapitisha pembe ya leso ndani kwa kijiti hadi ikang'aa. Na haikufanya kazi. Kijana alivuta kama alivyofundishwa, mluzi ukabaki palepale. Nikabadilisha inhela, nikapoteza pesa, yakawa yaleyale. Nilirudi kwa sista nimekasirika. Akaishika chupa akaitazama dhidi ya mwanga.

"Umeipangusa na nini?"

"Na leso."

Akachukua kitana cha plastiki kutoka kwenye mkoba wake, akakisugua kichwani, akakiweka juu ya vipande vya karatasi mezani. Vipande vikaruka vikakinatia. Plastiki ukiisugua kwa kitambaa inapata umeme mdogo, na umeme huo unaidaka dawa ikagandia ukutani mwa chupa badala ya kwenda kwa mtoto.

Dawa yake ni sabuni. Maji ya vuguvugu kwenye beseni, matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo, unaizamisha chupa, unaitikisa, unaitoa. Ndani husuuzi. Suuza pale midomo inapogusa peke yake. Hupangusi kwa leso, wala taulo, wala karatasi. Unaiinamisha kivulini ijikaushe yenyewe, ule utando mwembamba wa sabuni ubaki ndani. Mimi hufanya hivyo Jumamosi jioni, Jumapili inakuwa tayari. Tangu siku hiyo inhela ileile niliyoilaani ikawa inamfungua kifua.

Mengine mnayajua: jiko nje, samadi na dawa ya mbu ya kuwasha mbali na anapolala, udi siku za wageni tu naye akiwa kwa bibi, neti badala ya moshi. Mtoto wa chini ya miaka minne anahitaji kibarakoa kwenye mdomo wa chupa, na kipimo muulize daktari wako. Asipoweza kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi, au mluzi ukinyamaza ghafla na bado anahangaika, mkimbize hospitali huku ukimpa dawa njiani. Na ile inhela ya kahawia ya kila siku, ya kuzuia, msiiache mtoto akipata nafuu. Haimfungui aliyebanwa, lakini ndiyo iliyotupunguzia usiku wa kukesha. Baada yake asukutue.

Wiki iliyopita mama mmoja wa Kiorma alivuka mto kuja kwangu na chupa aliyoitoboa mwenyewe, tundu safi kuliko langu, gundi imekauka vizuri. Tuliizamisha kwenye beseni pamoja. Alipoitoa, akavuta ncha ya mtandio wake aikaushe. Nikamshika mkono.