Nguvu ya Injini na Uhai wa Giaboksi: Hesabu ya Magari ya Dizeli katika Barabara za Tanga

Katika Mkoa wa Tanga gari la dizeli linalosukumwa na magurudumu yote manne si chombo cha anasa. Ndilo linalopandisha chanjo na vitabu milimani, na ndilo linalomteremsha mgonjwa kutoka Amani hadi Muheza wakati wa masika, barabara ikiwa tope jekundu. Gari hilo likikatika giaboksi njiani, hasara haiishii kwa mwenye gari.

Ndiyo maana swali linaloulizwa mara kwa mara katika gereji zetu linastahili kujibiwa kisayansi: je, ni vema kuiongezea nguvu injini ya gari la namna hii? Fundi hufungulia pampu ya dizeli ili mafuta mengi zaidi yaingie katika silinda, au hufunga turbo mahali ambapo haikuwapo. Mwenye gari hufurahi. Baada ya miezi kadhaa giaboksi huanza kulia, gia ya tano huruka, na lawama zote huangukia giaboksi. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha, kwa fizikia ile ile inayofundishwa katika shule za sekondari, kwamba matukio hayo mawili ni tukio moja.

1. Msokoto na nguvu

Tutofautishe kwanza maneno mawili. Msokoto ni uwezo wa kani kuzungusha kitu; hupatikana kwa kuzidisha kani kwa umbali wake kutoka kwenye mhimili, nao hupimwa kwa nyutoni-mita (Nm). Nguvu ni kiasi cha kazi inayofanywa kwa kila sekunde, nayo hupimwa kwa wati. Uhusiano wake ni huu:

Nguvu = msokoto × kasi ya mzunguko (kwa radiani kwa sekunde)

Tuchukue mfano wa Land Rover Defender yenye injini ya 300Tdi, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1994. Injini hiyo ya lita 2.5 yenye turbo hutoa msokoto wake mkubwa kabisa, 265 Nm, inapozunguka mara 1,800 kwa dakika, yaani radiani 188 kwa sekunde. Nguvu yake wakati huo ni 265 × 188, karibu kilowati 50. Nguvu yake ya juu kabisa, kilowati 83, hupatikana kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika.

Dereva huisikia nguvu kwa mwendo wa gari. Meno ya gia, shafti na beringi hayaisikii nguvu, husikia msokoto. Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka.

2. Gia ni wenzo

Gia hufanya kazi kama wenzo: hupunguza mwendo na kuongeza msokoto. Katika gari tulilolitaja, gia ya kwanza huzidisha msokoto mara 3.69. Giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, ikiwekwa katika gia yake ya chini huuzidisha tena mara 3.32, na difu za ekseli mara 3.54. Basi msokoto wa injini unapofika kwenye magurudumu huwa umezidishwa mara

3.69 × 3.32 × 3.54 = 43.4 hivi

Kwa hiyo 265 Nm za injini huwa karibu 11,500 Nm magurudumuni, tukipuuza msuguano wa ndani. Nusu kipenyo cha tairi kikiwa mita 0.4, kani ya kusukuma gari ni 11,500 ÷ 0.4, yaani nyutoni 28,750. Gari lenye uzani wa kilo 2,500 pamoja na mzigo wake lina uzito wa nyutoni 24,500. Kwa maneno mengine, injini kama ilivyotoka kiwandani inaweza, katika gia hiyo, kutoa kani inayozidi uzito wa gari lenyewe.

3. Mahali pagumu, mwamuzi ni tairi

Je, kani hiyo yote yaweza kutumika? La. Tairi haiwezi kusukuma ardhi kwa kani inayozidi msuguano uliopo kati yake na ardhi. Katika barabara kavu ya changarawe kipimo cha msuguano chaweza kuwa 0.7 hivi, katika tope la utelezi chaweza kushuka hadi 0.3. Tufunge difu ya kati ili ekseli zote mbili zisaidiane, kisha tufanye hesabu ya tope:

Kani ya juu kabisa = 0.3 × 24,500 = nyutoni 7,350
Msokoto magurudumuni = 7,350 × 0.4 = 2,940 Nm
Msokoto unaohitajika kwa injini = 2,940 ÷ 43.4 = 68 Nm hivi

Mwanafunzi aitazame hesabu hii kwa makini. Katika mlima wenye utelezi, injini yenye 265 Nm inatumia kama robo tu ya msokoto wake kabla tairi hazijaanza kuteleza. Hata barabara ikiwa kavu, jibu ni 158 Nm. Aliyeongeza injini hadi 318 Nm hakupata hata hatua moja zaidi katika tope. Alichopata ni tairi kuzunguka bure upesi zaidi.

Mlima wa tope hupandwa kwa gia ya chini, tairi nzuri na mguu mwepesi. Madereva wazoefu wa njia ya Amani, mahali ambapo Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa viumbe na kilimo mwaka 1902, wanalijua hilo bila kalamu wala karatasi.

4. Barabara ya lami hudai nini?

Sasa twende Usambara Magharibi. Barabara ya lami kutoka Mombo hadi Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi, nayo hupanda kiasi cha mita 1,000. Kazi ya kulipandisha gari letu kimo hicho ni

2,500 × 9.8 × 1,000 = jouli milioni 24.5

Safari ikichukua dakika 50, yaani sekunde 3,000, nguvu inayohitajika kwa wastani ni kilowati 8 hivi kwa ajili ya kupanda. Tukiongeza ukinzani wa tairi na hewa, na tukikubali kwamba sehemu nyingine zina mwinuko mkali kuliko wastani, bado hatujafikia kilowati 83. Kinachochelewesha gari katika njia ile ni kona zake nyingi, wala injini yenye nguvu zaidi hainyoshi kona.

Hata hivyo, yapo mahali ambapo dereva huihisi faida ya nguvu ya ziada: katika lami yenye mwinuko wa wastani, gari likiwa na mzigo na likiwa gia ya tatu, ya nne au ya tano. Katika gia ya tatu ya juu msokoto huzidishwa mara 6.97 tu, na kani magurudumuni haizidi nyutoni 4,620. Tairi haikaribii kuteleza. Kwa hiyo kila Nm inayoongezwa katika injini hupita yote katika giaboksi, dakika baada ya dakika.

Hapa ndipo hesabu zetu mbili zinapokutana. Mahali pagumu nguvu ya ziada haina matumizi. Mahali pepesi inatumika, lakini giaboksi ndiyo inayoilipia.

5. Bei yenyewe: sheria ya beringi

Wauzaji wa vipuri husema: giaboksi ya gari hili inaitwa R380 kwa sababu iliundwa kuhimili 380 Nm, basi 318 Nm si kitu. Hoja hiyo inachanganya mambo mawili, nguvu ya kutovunjika na urefu wa maisha.

Chuma kinachobeba mzigo unaokuja na kuondoka mamilioni ya mara huchoka, hata kama mzigo wenyewe haufikii kiasi cha kukivunja mara moja. Kunja waya mara moja, haukatiki. Ukunje na kuunyosha mara nyingi, utakatika. Wataalamu wa Sweden, Gustaf Lundberg na Arvid Palmgren, waliweka mwaka 1947 nadharia ambayo mpaka leo ni msingi wa kukadiria maisha ya beringi. Kwa beringi za gololi, maisha hupungua kwa mchemraba wa mzigo. Mzigo ukizidi kwa asilimia 20:

1.2 × 1.2 × 1.2 = 1.73 hivi, na 1 ÷ 1.73 = 0.58 hivi

Yaani beringi iliyokuwa iishi miaka 10 katika kazi ile ile itaishi chini ya miaka 6. Ukiongeza mzigo kwa asilimia 30, maisha hushuka chini ya nusu. Hakuna kilichovunjika siku ya kwanza, na kwa sababu hiyo hakuna anayeikumbuka pampu iliyofunguliwa mwaka juzi.

6. Moshi, joto na maji

Kilo 1 ya dizeli huhitaji kilo 14.5 hivi za hewa ili iungue yote. Kwa kuwa dizeli hunyunyizwa ndani ya silinda na hupata muda mfupi mno wa kuchanganyika na hewa, wabunifu huacha hewa ya ziada. Anayefungulia pampu bila kuongeza hewa huila akiba hiyo. Dalili yake ni moshi mweusi: mafuta yaliyonunuliwa yakatupwa bila kuungua. Injini isiyo na turbo, kama ile ya 1HZ ya lita 4.2 katika Toyota Land Cruiser nyingi, ikirekebishwa hivyo mjini Tanga hutoa moshi zaidi ikifika Lushoto, kwa maana huko hewa ni nyepesi kwa kiasi cha sehemu moja kwa nane. Pamoja na moshi huja joto, na pistoni za aluminiamu hazilipendi.

Giaboksi nayo hupata joto. Tuchukulie kwamba asilimia 3 ya nguvu inayopita hupotea kwa msuguano. Kilowati 50 zikipita, kilowati 1.5 hubaki ndani kama joto, zaidi ya pasi moja ya umeme iliyotumbukizwa katika oili. Nguvu ikiongezwa, joto huongezeka, na oili huwa nyepesi na kuchoka mapema.

Katika njia za pwani kati ya Pangani na Saadani jambo hili lina hatari nyingine. Difu yenye joto la nyuzi 80 za Selsiasi ikiingia katika maji ya nyuzi 30, hewa iliyofungiwa ndani hupoa kutoka kelvini 353 hadi 303. Kwa sheria ya gesi, kanieneo yake hushuka kwa asilimia 14 hivi. Ikiwa tundu lake la kupumulia limeziba, difu hunyonya maji kupitia sili zilizochakaa. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ni ushahidi wa tukio hilo.

7. Pigo la ghafula na klachi

Tairi inayozunguka bure kisha ikakamata jiwe ghafula huleta pigo. Tuchukulie kwamba sehemu zinazozunguka za injini zina momenti ya inesha ya 0.3 kg m², na kwamba kasi yake inashuka kutoka radiani 262 hadi 131 kwa sekunde katika sekunde 0.1. Msokoto wa pigo ni 0.3 × 131 ÷ 0.1 = 393 Nm, zaidi ya ile 380 tuliyoitaja, kabla hatujahesabu msokoto wa mafuta yanayoungua. Injini iliyoongezwa nguvu hufika kasi hiyo upesi zaidi.

Kinachookoa giaboksi hapo mara nyingi ni klachi, kwa kuwa huteleza kidogo. Klachi ni kama fyuzi ya umeme: huungua ili kitu cha thamani kubwa kipone. Injini ikiongezwa, klachi ya zamani huteleza, na mwenye gari hushauriwa afunge iliyo kali zaidi. Kufanya hivyo ni sawa na kuondoa fyuzi na kutia msumari. Udhaifu haukuondoka; umehamia katika giaboksi au hafu-shafti.

8. Basi tufanyeje?

Kwanza, kurudisha si sawa na kuzidisha. Gari lililopungua nguvu huenda lina chujio la hewa lililojaa vumbi, nozeli zilizochakaa, au valvu zisizopimwa. Kuyatengeneza hayo hurudisha msokoto ambao giaboksi iliundiwa, nayo haidhuriki.

Pili, anayehitaji kweli nguvu ya ziada kwa mizigo ya lami aongeze kidogo, aongeze hewa pamoja na mafuta, na asikanyage mafuta mpaka mwisho katika gia ya tano injini ikizunguka polepole. Abadilishe oili ya giaboksi na difu mapema kuliko ilivyoandikwa.

Tatu, gari la zahanati au la shule lipimwe kwa siku linazofika salama katika mwaka, wala si kwa dakika linazookoa katika safari moja. Kwa kipimo hicho, injini iliyoachwa kama ilivyoundwa hushinda mara nyingi.

Zoezi

1. Tafuta msokoto wa injini iliyotajwa inapotoa kilowati 83 kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika.
2. Gari lenye uzani wa kilo 3,000 limo katika tope lenye kipimo cha msuguano cha 0.3. Kwa gia ile ile ya mara 43.4 na tairi ile ile, injini yahitaji msokoto gani kabla tairi hazijateleza?
3. Mzigo wa beringi ya gololi umeongezwa kwa asilimia 10. Maisha yake yatabaki asilimia ngapi?

Majibu: (1) 198 Nm, (2) 81 Nm, (3) asilimia 75.