DARSA: MIFUPA, JUA NA KIVULI CHA ALASIRI

Nabii Zakariya (A.S.) katika uzee wake alimshitakia Mola wake udhaifu wa mifupa kabla ya kuitaja mvi ya kichwa chake. Habari hiyo imo katika Surat Maryam. Nasi tumeuzoea udhaifu huo kuwa ni hukumu ya umri, wala hatuulizi zaidi. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alianguka ukumbini akavunjika nyonga, asisimame tena. Waliokuja kumtazama niliwaambia, "Ni uzee." Sikukosa kwa kuikubali kadari, nilikosa kwa kutoitafuta sababu.

Baadaye nilikwenda kuwazuru ndugu zetu Waislamu wa Kitui, kisha nikapita Makueni. Niliwaona kina mama wa Kikamba, wenye umri wa shangazi yangu, wakipalilia pojo juani na kubeba maji. Sisemi ya kuwa huko hakuna mfupa uvunjikao. Nchi ile ni kavu, na mwaka wa njaa huwanyima watu maziwa na mengineyo. Lakini niliiuliza nafsi yangu: wana nini ambacho mama zetu wa mjini hawana?

Jawabu la waganga ni hili. Mfupa ni kitu hai; kila siku hubomolewa kidogo na kujengwa upya. Udongo wake ni kalsiamu, na vitamini D ndiyo iifunguliayo kalsiamu mlango wa matumbo ipate kuingia damuni. Ikikosekana, mtoto hupata matege, na mifupa ya mtu mzima hudhoofika. Mwanamke aliyekoma hedhi yumo hatarini zaidi, kwani mfupa wake hubomoka kwa kasi kuliko ujengwavyo. Na sehemu kubwa ya vitamini hiyo haitoki chunguni, bali hufanywa na ngozi ipigwapo na jua. Mwaka 1919 tabibu Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwatibu watoto wenye matege kwa mwanga wa taa, wakapona.

Hapa watu wawili wamekosea. Wa kwanza asema: "Sisi ni watu wa nchi ya jua, maradhi haya ni ya Wazungu." Ajibiwe na watafiti wa Kilifi, hapa hapa pwani, walioongoza uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020. Walikusanya tafiti zaidi ya 100 kutoka nchi 23 za Afrika, wakakuta kiasi cha mtu 1 katika 3 hafikii kipimo ambacho waganga wengi hukihesabu kuwa kinatosha. Watu wa mijini walipungukiwa kuliko wa mashamba, na wanawake kuliko wanaume. Lakini Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, waishio nje mchana kutwa, walipopimwa katika uchunguzi wa mwaka 2012 walikutwa nayo tele. Jua ni lile lile; tofauti ni nani yuko chini yake.

Wa pili asema: "Kosa ni la buibui." Huyu naye hakutazama vyema. Sitara imeamrishwa mbele ya ajinabi, haikuamrishwa mbele ya jua. Uani mwake, pamoja na maharimu zake, mwanamke aweza kufunua mikono na miguu bila ya dhambi. Kosa ni letu wanaume: tumezijenga nyua kuwa vyumba vya kupangisha, tukawaacha mama zetu gizani, na giza hilo tukaliita heshima. Ua wa shangazi yangu niliujenga mimi.

Je, jua la saa ipi? Wataalamu hufundisha ya kuwa ngozi hufanya kazi hiyo vyema wakati kivuli cha mtu ni kifupi kuliko kimo chake. Nasi ndicho kivuli tukipimacho kwa ajili ya kuijua Alasiri! Basi jua la karibu na magharibi halitoshi, wala lipitalo katika kioo halifai. Ngozi nyeusi huhitaji muda zaidi kuliko nyeupe. Lakini hatuambiwi tukae mpaka tuungue.

Na chakula tukiangalie. Unga wa wimbi una yapata miligramu 300 za kalsiamu katika gramu 100. Wa mahindi haufiki 30. Ubuyu, ambao miti yake imeenea Kitui na Makueni kama ilivyoenea kwetu, nao una kalsiamu nyingi, ila sisi twawapa watoto uliojaa sukari na rangi. Kuna na maziwa, na dagaa waliwao pamoja na mifupa yao. Sisi tumeshika mkate mweupe na chai ya mkandaa.

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, tuwarudishie mama zetu ua, au tuwawekee sitara juu ya dari wapate kuota jua na kutembea, kwani mwendo nao huimarisha mfupa. Pili, uji wa wimbi urejee nyumbani. Tatu, aumwaye mifupa au aliyevunjika kwa kuanguka kudogo apelekwe kwa daktari apimwe. Vidonge visilwe kwa kukisia, maana vitamini D ikizidi hudhuru.

Mwenye kutawakali humfunga ngamia wake kwanza. Wallahu aalam.