Kuwatafuta Mababu katika Vitabu vya Wareno

Katika Bahari ya Atlantiki, mbali na pwani ya Morocco kuelekea magharibi, kuna kisiwa cha milima kiitwacho Madeira. Maana ya jina hilo katika Kireno ni "mbao", kwa kuwa Wareno walipofika huko, karibu na mwaka 1420, walikikuta kimefunikwa na misitu. Wakakata miti, wakalima miwa, kisha wakapanda mizabibu, na kwa miaka mingi divai ya Madeira ikauzwa katika nchi nyingi. Lakini katika mwaka 1852 ugonjwa uliingia katika mizabibu ukaikausha. Na miaka 20 baadaye akaja mdudu aliyekula mizizi ya ile iliyosalia. Watu wakashikwa na njaa. Mashamba mengi yalikuwa ya matajiri, na mkulima hakuwa na kitu ila jembe lake na watoto wake.

Wakati uo huo, upande wa pili wa dunia, wenye mashamba ya miwa katika visiwa vya Hawaii walikuwa wakitafuta wafanya kazi. Habari zikafika Madeira. Mwaka 1878 merikebu iitwayo Priscilla ikaleta Honolulu kundi la kwanza, watu zaidi ya 100. Mwezi wa Agosti mwaka 1879 merikebu ya matanga, jina lake Ravenscrag, ikafika na watu zaidi ya 400, wanaume, wanawake na watoto, baada ya kusafiri miezi minne na kuizunguka ncha ya kusini ya Amerika. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Hao ndio waliotengeneza huko Hawaii gitaa dogo la nyuzi nne kwa mfano wa lile la kwao, na gitaa hilo leo lajulikana duniani kote kwa jina la ukulele.

Basi maseremala watatu wakakumbukwa kwa ajili ya kazi yao. Wenzao walikata miwa, wakazaa watoto, wakazikwa, na majina yao hayakuandikwa juu ya gitaa lo lote. Mjukuu wao akiuliza babu alitoka wapi, huambiwa, "Alitoka Madeira," na hapo habari hukoma. Je, yawezekana kwenda mbali zaidi ya hapo? Yawezekana, tena mbali sana, hata miaka 300 nyuma na zaidi. Kwa maana Wareno walikuwa na desturi ya kuandika, na vitabu vyao vingi vingaliko.

Lakini wengi waanzao kazi hiyo huanza mahali pasipofaa. Husikia kwamba jina la ukoo wao ni Pereira au Silva, nao hukimbilia kumtafuta Pereira katika nchi nzima ya Ureno. Hiyo ni kazi bure, kwa kuwa majina hayo ni mengi kama mchanga. Kitu cha kwanza kutafutwa si jina la mtu, bali ni jina la parokia yake, ambayo Wareno waiita freguesia. Vitabu viliandikwa na padre wa parokia, vikakaa katika parokia, hata leo vimepangwa kwa parokia. Asiyeijua ni kama mtu aliyeshika barua isiyo na anwani.

Wala kuijua si jambo jepesi. Msafiri alipoulizwa kwao ni wapi, mara nyingi alitaja bandari aliyopandia merikebu, yaani Funchal, mji mkuu wa kisiwa, ingawa yeye alizaliwa katika kijiji cha mlimani. Kwa hiyo mtafutaji mwenye akili huanza nyumbani kwake. Huwauliza wazee walio hai kabla hawajafa. Hufungua masanduku ya zamani akatafuta barua, vyeti vya ubatizo na picha zilizoandikwa nyuma yake. Huenda makaburini akasoma mawe. Huuliza katika kanisa la ugenini ambalo babu alifungia ndoa, kwa sababu padre wa huko, tofauti na karani wa bandari, mara nyingi alitaka kujua parokia ambayo bwana arusi alibatiziwa. Hutazama tena vitabu vya serikali ya Funchal vilivyoandikwa majina ya watu waliopewa hati ya kusafiri. Hata hivyo si wote walioomba hati. Katika visiwa vya Azores, ambavyo navyo ni vya Ureno, vijana wengi waliokimbia kuwekwa askari walipanda kwa siri merikebu za Wamarekani zilizokuwa zikiwinda nyangumi, wakashuka katika mji wa New Bedford. Kijana wa namna hiyo hapatikani katika kitabu cho chote cha kuondoka.

Jambo la pili ni majina, na hapo ndipo wageni wapoteapo zaidi. Huko Marekani Pereira aliitwa Perry, Rodrigues akawa Rogers, na Reis, ambalo maana yake ni wafalme, likageuzwa kuwa King. Pengine karani aliandika kama alivyosikia. Pengine mtu mwenyewe alichoka kusahihishwa. Lakini hata kwao Ureno jina halikutulia kama watu wadhanivyo. Mtazame yule seremala José do Espírito Santo. Jina lake maana yake ni Yosefu wa Roho Mtakatifu. Wanawake wengi zaidi waliitwa hivyo: Maria de Jesus, Rosa da Conceição, Ana dos Santos, pasipo jina la baba wala la babu. Ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kushika majina mawili mbalimbali, mmoja la upande wa baba, mwingine la upande wa mama, au la babu aliyependwa. Kwa sababu hiyo orodha za zamani katika vitabu vya Ureno zimepangwa kwa jina la ubatizo, si kwa jina la mwisho. Mzungu wa kaskazini hushangaa sana aonapo hivyo. Mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, aliyezoea kumwita mtu Ali bin Juma na mwanawe Salim bin Ali, hatashangaa sana.

Sasa vitabu vyenyewe. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliwaagiza mapadre wa Kanisa Katoliki kuandika ndoa zote na ubatizo wote katika parokia zao. Baadaye na vifo pia vikaandikwa. Parokia nyingine za Ureno zilikuwa zimekwisha kuanza kabla ya agizo hilo. Mwanzoni padre aliandika maneno machache tu: siku, jina la mtoto, majina ya wazazi na ya wasimamizi. Kadiri miaka ilivyoendelea maneno yaliongezeka, na tangu mwaka 1860 vitabu viliandikwa kwa namna moja katika nchi yote, nakala mbili mbili, pamoja na majina ya babu na bibi wa pande zote mbili. Mwaka 1910 ufalme wa Ureno ulianguka, na mwaka 1911 serikali ya jamhuri ikaamuru kwamba kuzaliwa, ndoa na vifo viandikwe na makarani wa serikali. Vitabu vya makanisa vikachukuliwa, na vingi leo vimo katika majumba ya hati ya wilaya. Vya Madeira vimo Funchal. Kurasa zake nyingi zimepigwa picha, na mtu aliye Honolulu aweza kuzisoma kwa kompyuta bila kulipa kitu.

Njia ya kuvisoma ni kurudi nyuma kwa hatua, kama mtu ashukaye ngazi gizani, asiyeinua mguu mmoja mpaka wa pili umekanyaga imara. Ubatizo wa babu humpa mtafutaji majina ya wazazi wake. Kisha hutafuta ndoa ya wazazi hao, akianzia parokia ya bibi arusi, maana huko ndiko ndoa ilikofungwa kwa desturi. Ndoa hutaja wazazi wa kila mmoja na parokia walikobatiziwa. Ndipo aweza kushuka tena hatua moja.

Mwandiko nao una mitego yake. Padre aliyekuwa na wino haba na kazi nyingi alifupisha maneno: Manuel akamwandika Mel, António akamwandika Anto, na herufi za mwisho akaziinua juu kidogo. Mwezi wa Septemba aliuandika 7bro. Asiyejua hudhani ni mwezi wa saba, kumbe ni wa tisa. Kwa maana katika hesabu ya Warumi wa kale Septemba ulikuwa mwezi wa saba, na jina lake latoka katika neno saba. Vivyo hivyo 8bro ni Oktoba, 9bro ni Novemba, na Xbro ni Desemba. Wako watu waliokosa babu yao kwa miezi miwili tu.

Kosa lililo baya kuliko hilo ni kumpata babu asiye wako. Katika parokia moja waweza kuzaliwa Manuel wawili katika mwaka mmoja, baba zao wote wawili wakiitwa João. Mtafutaji mwenye haraka humchukua wa kwanza amwonaye, akafurahi, akaendelea kushuka katika ukoo wa watu wengine kabisa. Mwenye saburi hutazama kwanza kitabu cha vifo. Kama Manuel wa kwanza alikufa akiwa na umri wa miezi sita, hakuweza kupanda merikebu.

Ziko kurasa nyingine ambazo ngazi yenyewe hukatika. Karibu na jina la mtoto padre ameandika kwamba baba hajulikani, au neno moja tu, exposto, yaani aliyeachwa. Katika miji ya Ureno palikuwa na gurudumu la mbao lililotiwa katika ukuta. Mama asiyeweza kumlea mtoto wake alimweka humo usiku, akaligeuza, akaondoka. Mtu wa ndani akampokea mtoto pasipo kuuona uso wa mama. Mwaka 1783 serikali iliagiza kwamba kila mji uwe na gurudumu kama hilo. Wengi wa watoto hao walikufa wangali wachanga. Lakini kina mama wengine walimwachia mtoto alama: utepe, karatasi yenye jina lake, au nusu ya kitu kilichokatwa, ile nusu ya pili wakibaki nayo, ili siku moja waweze kurudi na kusema, "Huyu ni wangu." Katika mji wa Lisbon alama nyingi za namna hiyo zimehifadhiwa mpaka leo, na nyingi hazikupata mwenzake. Mtu ambaye babu yake alitoka katika gurudumu huenda asipate jina jingine nyuma yake, ila amepata utepe.

Na iko namna nyingine ya ukurasa uliokatika. Huko Ureno na Madeira walikuwapo watumwa walioletwa kutoka Afrika, nao walibatizwa na kuandikwa katika vitabu vile vile. Lakini mahali ambapo yangesimama majina ya wazazi, mara nyingi limesimama jina la bwana wake.

Vitabu vingine viliandikwa kwa nia mbaya. Mwaka 1497 Wayahudi wa Ureno walilazimishwa kubatizwa, na tangu 1536 hata 1821 lilikuwako baraza la Inkwizisheni, lililowahukumu watu walioshukiwa kushika dini ya zamani kwa siri. Mshitakiwa aliulizwa majina ya wazazi wake, babu na bibi zake, wajomba na shangazi zake, na yote yakaandikwa, ili jamaa zake nao wapate kushukiwa. Hukumu hizo, maelfu kwa maelfu, zimo Lisbon katika jumba liitwalo Torre do Tombo. Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko kubwa la nchi lilipoubomoa mnara uliokuwa na hati za ufalme, hati hizo ziliokolewa, hali vitabu vya parokia nyingi za Lisbon viliungua kwa moto uliofuata. Kwa hiyo hutokea kwamba mjukuu wa aliyeteswa ajua majina ya mababu zake kwa kalamu ya waliomtesa, na jirani yake, aliyeishi kwa amani, hana habari yo yote.

Desturi hii ya vitabu ilikwenda pamoja na Wareno popote walipotawala, hata Brazil, na hata Goa katika Bara Hindi, walikokaa mpaka mwaka 1961. Wagoa wengi waliokuja Unguja, Mombasa na Nairobi kufanya kazi ya ukarani, ushonaji na upishi waliacha majina yao ya ubatizo katika vitabu vya vijiji vya huko kwao, nao watoto wao hufuata njia ile ile ifuatwayo na watu wa Honolulu.

Mjukuu wa Honolulu, baada ya kupata parokia, na mwaka, na Manuel aliye wake kweli, hufika mwisho wa ukurasa. Hapo padre ameweka sahihi yake. Juu yake kidogo yako majina ya wasimamizi wawili, pengine mjomba na nyanya wa mtoto, na maneno ambayo padre wa Madeira aliyaandika mara nyingi sana: kwamba hawakutia sahihi, kwa sababu hawajui kuandika.