King'ora cha moshi: Mlinzi wa nyumba usiku

 

Ndugu msomaji, katika safu hii tumezoea kuzungumzia maji, vyoo na malaria. Leo tuzungumzie moto wa usiku, na kifaa kidogo kiitwacho king'ora cha moshi: namna ya kukifunga, kukijaribu na kukitunza.

Sisi watu wa Kagera hatuhitaji mfano wa mbali. Usiku wa kuamkia Septemba 14, 2020, bweni la wavulana la Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu, wilayani Kyerwa, liliungua na wanafunzi 10 wakafariki dunia. Kabla ya hapo, Agosti 2009, wasichana 12 walifariki katika moto wa bweni la Sekondari ya Idodi, Iringa. Tunamuomba Allah awarehemu wote na awape subira wazazi wao.

Moshi hutangulia moto

Wengi hudhani aliyefia ndani ya nyumba inayoungua ameuawa na ndimi za moto. Mara nyingi sivyo. Moshi humfikia kwanza. Ndani yake mna hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, ambayo hujishika na damu na kuinyima nafasi ya kubeba oksijeni. Mtu huzidi kuzama usingizini badala ya kuamka. Tena usidhani pua itakuamsha. Pua nayo hulala, na harufu ya moshi huwa haimwamshi aliyelala.

Ndiyo maana mafundisho ya dini yetu yalitutangulia. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku ikiwa na watu wake. Mtume (SAW) aliposimuliwa, aliwafahamisha Maswahaba kwamba moto ni adui, na akawaamrisha wauzime kabla ya kulala. Hiyo ndiyo kinga ya kwanza, na haina gharama. King'ora huja nyuma yake, kwa ajili ya moto uliotuponyoka au uliozaliwa kwenye nyaya za umeme sisi tukiwa hatuna habari.

Namna ya kukifunga

King'ora cha kawaida ni kikopo bapa kama kisosi. Kipo cha aina ambayo ndani yake mna mwali mdogo wa taa. Moshi ukiingia hutawanya mwali huo, na kifaa hulia kwa sauti kali. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua aina hii ya mwanga, kwani huwahi kutambua moto unaofukuta polepole kwenye godoro au nguo. Chagua pia kinachotumia betri, ili umeme ukikatika kiendelee kukesha.

1. Kifunge ndani ya kila chumba cha kulala na kwenye ukumbi unaounganisha vyumba. Ukiwa nacho kimoja tu, anza na ukumbi wa karibu na vyumba vya kulala.

2. Moshi hupanda juu, hivyo kikae darini. Ukikifunga ukutani, kiwe kati ya sentimita 10 na 30 chini ya dari.

3. Kwa nyumba ya bati isiyo na dari, kifunge kwenye boriti ya juu, lakini si kwenye pembe ya kilele kabisa. Pale hewa hutuama na moshi huchelewa kufika.

4. Usikifunge jikoni wala karibu na mlango wa bafu. Kiwe umbali wa mita 3 au zaidi kutoka jiko, na mbali na dirisha linalopitisha upepo.

Kukijaribu na kukitunza

Kila mwezi unapoandama, bonyeza kitufe cha majaribio mpaka kilie, na watoto wasikie ili waijue sauti yake. Kila Muharram badilisha betri, isipokuwa kwa kile chenye betri ya kudumu iliyofungiwa ndani. Ukisikia kinatoa mlio mfupi mara moja moja, betri inakwisha. Usisubiri.

Vumbi letu jekundu, utando wa buibui na wadudu wadogo wanaofuata taa wakati wa mvua huingia ndani yake. Kifute kwa brashi laini kavu. Usikipake rangi wala kukiosha kwa maji. Andika nyuma yake tarehe uliyokinunua. Baada ya miaka 10 kitupe ununue kingine, hata kama bado kinalia.

Kosa langu mwenyewe

Nitakueleza lililonifika ili usilirudie. Ndugu yangu aliyekuwa akifanya kazi Muscat aliniletea king'ora. Kwa uvivu nikakifunga karibu na mlango wa jikoni, pale palipokuwa na msumari tayari. Ramadhani ilipoingia, kila mama watoto alipokaanga chapati za daku kililia na kuwaamsha watoto wachanga. Usiku wa tatu nikapanda kwenye kiti, nikatoa betri, nikaiweka juu ya kabati. Nikasema nitairudisha asubuhi.

Miezi ikapita. Siku moja binti yangu akaniuliza, "Baba, mbona kile cha juu hakiwashi tena kitaa chake?" Sikuwa na jibu. Mimi tabibu, ninayewahimiza wagonjwa wamalize dozi, nilikuwa nawalaza wanangu chini ya kopo tupu, nao wakiamini lipo linalowalinda. Siku ileile nilikihamishia ukumbini na kurudisha betri. Kikilia bila moto, kihamishe. Usikinyamazishe moja kwa moja.

Kikilia usiku

King'ora hakizimi moto. Kinakupa dakika chache tu, basi zipangieni tangu mchana. Nani atambeba mtoto mdogo? Nani atamshika bibi mkono? Watoto wengi husinzia sana, huenda wasiamke kwa mlio. Mtu mzima awafuate. Ufunguo wa kufuli la ndani uwe mahali pamoja panapojulikana na wote, na dirisha moja lenye nondo liwe la kufunguka kwa ndani. Penye moshi tambaeni chini. Kutaneni mahali mlipokubaliana, mfano chini ya mparachichi, mhesabiane, wala asirudi mtu kufuata redio au fedha. Pigeni simu zimamoto namba 114, na piga kelele. Huku Nshamba nyumba zimejificha ndani ya migomba, na jirani atafika kabla ya gari. Muadhini naye atumie kipaza sauti cha msikiti.

Tahadhari mbili

Kwanza, king'ora cha moshi hakitambui kaboni monoksaidi peke yake, na jiko la mkaa lililoiva halina moshi. Usiliingize chumbani kwa ajili ya baridi, hata likiwa jekundu safi. Mkiamka na kichwa kinauma nyumba nzima, na kichefuchefu na kizunguzungu, tokeni nje upesi kisha mwende kituo cha afya.

Pili, ambaye bado hana uwezo wa kukinunua asikae bure. Zima koroboi na mshumaa kabla ya kupanda kitandani, usiviweke karibu na chandarua, usichajie simu juu ya godoro, na petroli isilale ndani. Walimu na walezi wa madrasa za bweni nawaomba zaidi: wekeni ving'ora mabwenini, na pawe na mtu mzima anayelala na funguo. Watoto wale ni amana.

Kumtegemea Allah ni baada ya kumfunga ngamia. Basi leo kabla ya kulala, zungukia jiko, taa na milango. Na kama king'ora unacho, bonyeza kitufe usikie.

Wabillahi tawfiiq.